Kolwezi: Uvumilivu unaohubiriwa juu ya makaburi

Tarehe 27 Juni 2019 udongo uliwaangukia wachimbaji wa mikono katika mgodi wa KOV, karibu na Kolwezi. Watu wasiopungua 36 walikufa. Novemba 2025 ikawa zamu ya Kalando, mumo humo jimboni Lualaba: daraja lililojaa watu lilivunjika, zaidi ya 30 wakafariki.

Misiba kama hii ina maneno yake: ni mapenzi ya Mungu, vumilieni. Mjane akiyasema, ndiyo nguvu iliyombakia, na hakuna wa kumnyang'anya. Mchungaji akiyasema mbele ya wakubwa wa kampuni na serikali, yanageuka kifuniko. Si Mungu aliyelijenga lile daraja.

Masista wa Bon Pasteur, wakiwa na Sista Catherine Mutindi kutoka Kenya, walifika Kolwezi mwaka 2012. Walikuta watoto wakiosha mawe ya kobalti, wakawafungulia masomo; akina mama wakafundishwa kushona na kulima. Kusali wanasali, bila shaka.

Lakini masista peke yao hawatoshi. Sheria ya madini ya 2002 inatambua maeneo ya wachimbaji wa mikono. Kuzunguka Kolwezi ni machache, kwani sehemu kubwa ya ardhi yenye madini imekwisha kugawiwa makampuni. Ndiyo maana watu huingia kwa kujificha katika mashimo ya wengine. Askofu na wachungaji wa makanisa ya uamsho wakitia saini barua moja ya kudai maeneo hayo, gavana ataisoma.