Ukoko wa Mkate na Kiburi cha Tanuri

Hakuna mtoto wa Pwani asiyejua thamani ya ukoko. Wali ukishapakuliwa, sufuria hubaki na utando mgumu wa rangi ya kahawia, wenye harufu ya moto, na watoto huugombea kama warithi wagombeavyo shamba la minazi. Ajabu ni kwamba mtoto yule yule akikua, akasoma, akapata cheo na nyumba yenye jokofu, huukana. Humwekea mwanawe mezani mkate wa vipande uliotoka kiwandani, na kabla ya kumpa humkatia kingo zake, ati ni ngumu. Kilichokuwa tunu utotoni chageuka aibu ukubwani.

Jambo hili laonekana dogo. Mkate ni mkate, atasema mtu. Ukiwa laini au mgumu hushuka tumbo lile lile. Walakini ndani ya jambo dogo hili mna kiburi kikubwa, na kiburi kisiposemwa hujiona kuwa ni hekima.

Wapo Kibaha na Kisarawe, kama walivyo mahali pengine palipo jirani na Dar es Salaam, watu waliosafiri au waliokula hotelini, ambao wameupenda mkate wa Kiitalia: mkate wa gamba gumu liliapo chini ya kisu, na nyama laini yenye matundu ndani yake. Mapenzi hayo si kosa. Kosa ni hukumu iyafuatayo. Msomi wa Maili Moja akiulizwa kwa nini hauoki nyumbani kwake, hutoa majibu matatu: kwamba mkate huo ni wa kigeni na hauna asili katika majiko ya hapa, kwamba haupatikani bila ya tanuri la umeme, na kwamba, hata kama ungepatikana, ni anasa. Majibu haya husemwa kwa uhakika mwingi kama kwamba yamepimwa. Hayakupimwa.

Jibu la kwanza ni la ugeni. Msemaji wake hufikiri kuwa mkate ulifika Pwani pamoja na ngano ya meli. Kiswahili chenyewe chamkanusha. Mkate, katika lugha hii, ni kitu kilichoumbwa kikashikamana. Ndiyo maana tumbaku nayo ina mkate wake. Mofa ni kimkate cha mtama kilichookwa katika tanuri la udongo. Mkate wa kumimina ni wa mchele na tui, ulioumuliwa kwa hamira, na zamani kwa tembo la mnazi. Mkate wa ufuta wa Unguja hubandikwa juu ya chombo chenye moto, kisha chombo hugeuzwa ili uso wa mkate uyatazame makaa mpaka ubabuke. Mpishi agundishaye, augeuzaye na aubabuaye mkate hivyo, aweza kuambiwa kuwa gamba la mkate ni jambo la kigeni kwake? Hata chachu si ngeni. Tembo la mnazi wa Kisarawe huchacha lenyewe kwa nguvu ya viumbe wasioonekana kwa macho, jamaa ya wale wauzwao dukani katika pakiti ya hamira.

Na huo ukale wa Kiitalia uheshimiwao kiasi hiki ni ukale wa namna gani? Ciabatta, mkate utajwao na wengi kama urithi wa mababu wa Italia, ulibuniwa mwaka 1982 na Arnaldo Cavallari wa mji wa Adria, jimbo la Veneto, ili ushindane na mikate mirefu ya Kifaransa iliyokuwa ikiteka soko la nchi yake. Mkate huo ni mdogo kwa Azimio la Arusha kwa miaka 15. Ni kweli kwamba Italia ina mikate iliyo mikongwe. Watu wa Altamura, kusini, huoka kwa ngano yao ngumu ya rangi ya manjano. Watu wa Toscana huoka mkate usiotiwa chumvi hata chembe. Lakini mikate hiyo yafundisha nini? Yafundisha kuwa kila mji ulitwaa unga wake, maji yake na moto wake, ukafanya chake bila ya kuomba radhi. Anayetaka kuwaiga Waitalia kwa haki na awaige katika hilo.

Jibu la pili ni la tanuri, na hili ndilo lenye wafuasi wengi. Yafaa kwanza kuuliza gamba hutoka wapi. Halitoki katika waya wa umeme. Hutokana na joto kali, la nyuzi 220 hadi 250 za Selsiasi. Hutokana na mvuke, ambao katika dakika za mwanzo huulowesha uso wa donge usikauke mapema, ukatanuka na kung'aa. Kisha hutokana na ukavu, mvuke unapoondoka na uso ule ukabaki peke yake na moto. Joto, mvuke na ukavu: palipo na vitatu hivi kwa zamu yake pana gamba, na visipokuwapo hakuna gamba, hata tanuri likiwa la fedha.

Mwezi wa Novemba 2006, gazeti la The New York Times lilieneza njia ya Jim Lahey, mwoka mikate wa New York aliyejifunza ufundi wake Italia. Unga, maji, chumvi na hamira kidogo mno huchanganywa bila ya kukandwa, donge likaachwa saa 12 hadi 18, kisha likatiwa katika chombo kizito cha chuma kilichokwisha kupata moto, na kufunikwa. Mfuniko huufunga mvuke wa donge lenyewe. Ukiondolewa, gamba hukauka na kubabuka. Watu wa Marekani walishangilia kama walioonyeshwa muujiza. Ni kweli kuwa chombo cha Lahey kilitiwa ndani ya tanuri. Lakini kazi ya tanuri hapo ni kukizungushia chombo moto, na kazi hiyo ina jina katika Kiswahili tangu zamani: ni kupalia. Bibi wa Kisarawe apikaye wali huacha makaa machache chini na kupalia makaa mengi juu ya mfuniko. Alilokuwa nalo jikoni bila ya sifa, wajukuu wake hulitazama katika simu kwa mshangao.

Basi mkate huokwaje kwa namna hii? Nusu kilo ya unga wa ngano, maji gramu 350, chumvi gramu 10 na robo ya kijiko cha chai cha hamira huchanganywa usiku, baada ya chakula, mpaka pasiwe na unga mkavu. Joto la Pwani si la New York. Saa 18 zingeliharibu donge likachacha kupita kiasi. Saa 6 hadi 8 zatosha, na alfajiri donge huwa limeumuka na kujaa mapovu. Hukunjwa mara chache, hufanywa duara, hupumzishwa wakati makaa yakiwashwa. Sufuria nzito ya kusubu yafaa kuliko nyembamba, na mchanga mkavu uliotandazwa chini yake huulinda mkate usiungue kitako. Sufuria ikishapata moto sawasawa, donge huwekwa ndani juu ya kibati kilichonyunyiziwa unga, hufunikwa, hupaliwa. Baada ya nusu saa mfuniko huinuliwa, hufutwa maji yaliyoshika ndani yake, hurudishwa ukiwa na upenyo mdogo wa kutolea mvuke, na makaa mapya huongezwa juu. Robo saa baadaye mkate hugongwa kitako kwa kidole. Ukilia kama ngoma, umeiva. Hauvikwi mfuko wa plastiki. Hulazwa juu ya ungo upate hewa pande zote.

Mkate wa kwanza huenda ukaungua chini na kupauka juu. Chapati ya kwanza nayo humwaibisha mpishi, wala hakuna aliyesema kwa sababu hiyo kuwa chapati ni kazi ya mitambo. Pana pia pingamizi moja la haki, nalo ni la hewa. Hewa ya Pwani ni nyevu, na gamba lililolia asubuhi laweza kunyamaza jioni. Dawa yake ni kuula mkate siku ile ile, au kuurudisha juu ya makaa kwa dakika chache.

Jibu la tatu ni la anasa, na hili haliwezi kufukuzwa kwa mzaha, kwa kuwa nusu yake ni kweli. Sehemu kubwa ya ngano iliwayo Tanzania hutoka nchi za nje. Vita vya Ukraine vilipoanza mwaka 2022, bei ya ngano ilipanda katika masoko ya dunia. Ngano ya ndani nayo ina historia yake ya machozi. Katika wilaya ya Hanang, tangu miaka ya 1970, mashamba makubwa ya ngano ya shirika la NAFCO, yaliyosaidiwa na Kanada, yalienea katika ardhi ya malisho ya Wabarbaig, na wafugaji wakafukuzwa katika nyanda zao. Mkate wa mjini haujawahi kuwa kitu kisicho na hatia. Tena mkaa! Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, iliyo wilayani Kisarawe, imekatwa miaka mingi ili majiko ya Dar es Salaam yawake. Anayehubiri mkate wa makaa huku misitu ikikatwa hana budi kujibu.

Naajibiwe hivi. Hoja ya ngano, kama ni hoja, yaupiga mkate wa kiwandani kabla ya kuupiga wa nyumbani, kwa maana ngano ni ile ile. Tofauti ni kuwa yule wa kiwandani hukatwa kingo zake zikatupwa. Mtu aijuaye safari ya ngano hatupi ukoko wake. Zaidi ya hayo, Kibaha na Kisarawe ni nchi ya muhogo. Unga wa muhogo waweza kushika sehemu moja katika kumi ya unga wa ngano, hata mbili, na mkate ukaumuka. Ukizidishwa, donge hulegea, kwa kuwa muhogo hauna ule mnato wa ngano ushikao hewa. Mwoka mikate wa nyumbani aweza kulifanya hilo kesho, bila ya kusubiri warsha.

Ama kuhusu mkaa, vifuu vya nazi huwaka kwa moto mkali, navyo hutupwa kila siku penye minazi. Mikate miwili iokwe mfululizo kwa moto mmoja, au sufuria ya mkate ipokee makaa yaliyokwisha kuivisha wali. Mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, wenye shabaha ya kuwafikishia Watanzania 80 katika kila 100 kabla ya mwaka 2034 kwisha. Heri na iwe. Sufuria nzito yenye mfuniko hukaa juu ya gesi kama ikaavyo juu ya makaa. Na kwa kuwa gesi haipaliwi, mkate hugeuzwa ukishashikamana, uso wake ukababukia chini. Mkate wa ufuta ulishafundisha kugeuza.

Hubaki sauti moja isemayo kwa upole kuwa kazi hii yawaongezea wanawake mzigo. Sauti hiyo ingekuwa na haki kama donge lingehitaji kukandwa saa nzima. Lakini donge hili hufanya kazi nyumba ikiwa imelala. Tena, nani aliyesema ni kazi ya wanawake? Cavallari alikuwa mwanamume, na kabla ya mkate alijulikana kwa kuendesha magari ya mashindano. Hakuona kuwa unga waupunguza mkono ulioshika usukani. Wanaume wa Kibaha waukamatao usukani kila alfajiri katika foleni ya barabara ya Morogoro hawatapungukiwa na kitu wakichanganya unga usiku wa Ijumaa.

Majibu matatu yamekwisha, na chini yao paonekana jambo moja. Tatizo si tanuri, wala unga, wala mkaa. Tatizo ni elimu iliyomfundisha mtu kudhani kuwa ujuzi huanza pale kifaa cha kununua kinapoanza. Maelekezo ya kuoka asomayo huamuru tangu mstari wa kwanza tanuri liwashwe. Asiye nalo hufunga kitabu na kujiona maskini, huku moto, mchanga, sufuria na mfuniko viko miguuni pake. Mwanafunzi wa Kiswahili aweza kuzipanga ngeli zote bila ya kosa, asijue kupalia ni nini. Wanaosoma lugha hii katika vyuo vikuu hulalamika kuwa haina maneno ya ufundi. Maneno wanayo mabibi: kuumua, kuchacha, kugundisha, kubabua, kupalia, kuepua. Yasipotumika jikoni hayataokolewa na kamusi, maana kamusi hutunza neno lakini haliwashii moto.

Kwa hiyo anayeutamani mkate wa gamba gumu na auoke, na aseme alivyouoka kwa lugha aliyoukutia moto. Ukoko ule uliobanduliwa sufuriani kwa vidole haukuwa dalili ya umaskini. Ulikuwa somo la kwanza la moto, nalo lilitolewa bure. Aliyelipata akalidharau, kisha akaenda kulinunua hotelini kwa jina la kigeni, asimlaumu mtu kwa bei aliyotozwa.