Dubai: Nani anailipia kilomita ya pikapu?

Tangu tarehe 31 Januari 2025, mageti ya Salik mjini Dubai hayana tena bei moja. Ada ya dirham 4, iliyokuwapo tangu mfumo huo uanze mwaka 2007, ilipandishwa hadi dirham 6 katika saa za msongamano siku za kazi, yaani saa 12 hadi saa 4 asubuhi na saa 10 jioni hadi saa 2 usiku. Saa nyingine ilibaki dirham 4, na kuanzia saa 7 usiku hadi saa 12 alfajiri gari hupita bure. Miezi miwili kabla ya hapo, Novemba 2024, mageti mawili mapya yalikuwa yameongezwa na kufanya jumla yawe 10.

Mwenye gari la kwendea ofisini hulalamika kisha akalipa. Lakini wapo ndugu zetu wa Afrika Mashariki wanaotafuta riziki kwa pikapu, wakichukua mizigo ya wafanyabiashara kutoka Deira na kuipeleka kwenye maghala ya Jebel Ali, tayari kwa safari ya Mombasa au Dar es Salaam. Hao hulipwa kwa safari, na mageti, mafuta na matairi ni juu yao. Ukimuuliza mmoja wao safari imemgharimu kiasi gani, mara nyingi atakutajia mafuta na Salik, basi. Kwa maoni yetu, hapo ndipo anapopotea.

Tuchukue mfano wa kukadiria. Pikapu imenunuliwa kuukuu kwa dirham 45,000 na baada ya miaka minne itauzwa 21,000. Kila mwaka, basi, imepoteza dirham 6,000. Ikiwa inatembea kilomita 40,000 kwa mwaka, hizo ni filsi 15 kwa kila kilomita, hata kabla ya kutiwa mafuta. Bima na kuhuisha mulkiya, tuseme dirham 2,800, ni filsi 7. Kumwaga oili na kubadilisha filta kila kilomita 5,000, kwa dirham 250, ni filsi 5. Seti ya matairi ya dirham 1,400 inayomalizika kwa mwaka ni filsi 3 na nusu, na joto la Julai halimwonei huruma anayejaribu kuisukuma zaidi. Akiba ya spea na fundi, dirham 3,000, ni filsi 7 na nusu. Mafuta, kwa gari linalokunywa lita 11 kila kilomita 100 na bei ya dirham 2.60, ambayo petroli ya Special 95 iliikaribia kwa miezi mingi ya mwaka 2025, ni takriban filsi 29. Jumla ni filsi 67 kwa kilomita, na Salik bado haijaingia.

Sasa twende Jebel Ali. Tukadirie kilomita 45 kwenda na 45 kurudi, na kurudi ni kutupu, ingawa injini haijui kuwa nyuma hakuna mzigo unaolipiwa. Kilomita 90 ni dirham 60. Mageti manne asubuhi ni dirham 24 na manne mchana ni 16. Safari imegharimu dirham 100. Dereva aliyelipwa 150 na kuondoa mafuta na Salik peke yake anaona amebakiwa na dirham 84. Alichobakiwa nacho hasa ni 50. Zile 34 ni sehemu ya gari lenyewe, na akizituma nyumbani mwisho wa mwezi, ametuma tairi na gia boksi bila ya kujua.

Wengine huyakimbia mageti kwa kuzunguka kupitia Barabara ya Emirates. Ikiwa mzunguko umeongeza kilomita 30, anayehesabu mafuta tu ataona ametumia chini ya dirham 9 na kuokoa 24. Kwa hesabu kamili ametumia 20. Asubuhi amepata faida ndogo ya dirham 4. Mchana, mageti yakiwa 16, amekula hasara, na muda wake hatujautia.

Halafu kuna bei ya mafuta yenyewe. Imarati iliacha kuipanga bei moja ya kudumu mwezi Agosti 2015, na tangu hapo kamati maalumu hutangaza bei mpya kila mwezi. Julai 2022 lita ya Special 95 ilifika dirham 4.52. Kwa bei hiyo, safari yetu ingeongezewa dirham 19 na faida ya 50 ingeshuka hadi 31, ikiwa mwenye mzigo amekataa kuongeza.

Mwaka huohuo, mwezi Mei, wapeleka vyakula wa Deliveroo mjini Dubai waligoma, katika nchi ambayo migomo imepigwa marufuku, baada ya mpango wa kushusha malipo yao kutoka dirham 10.25 hadi 8.75 kwa kila oda. Kampuni iliurudisha nyuma mpango huo. Wa Talabat walifuata siku chache baadaye wakidai nyongeza.

Ndugu zao walioko Marekani wana pa kuanzia katika mazungumzo: idara ya kodi ya huko iliweka kiwango cha senti 70 kwa maili mwaka 2025, na ndani yake mna uchakavu na bima. Uingereza nayo iliweka pensi 45 kwa maili 10,000 za mwanzo mwaka 2011. Kenya waajiri wengi huangalia viwango vya chama cha magari cha AA. Mwenye pikapu wa Deira ana daftari lake tu, kama analo. Mfanyabiashara akimwambia, "Sheikh, nifanyie 130, si unapita hukohuko?", anayejua kuwa safari ni 100 ataelewa kwamba ameombwa kufanya kazi ya nusu siku kwa dirham 30.