Garimoshi la makopo la Shella: litupwe au lisitupwe?

Barua za juma hili ni nyingi, na aghalabu ni zile zile za mawifi na karo. Moja niliisoma mara tatu. Imetoka Shella, mjini Malindi, kwa mama ambaye jina lake nitalisitiri. Mwanawe wa miaka 14 huunda magarimoshi kwa makopo ya maziwa, waya na mbao za makasha. Ametandika reli kutoka mlangoni mwa chumba hadi chini ya kitanda. Jioni huazima simu ya mama, hulipiga picha garimoshi likienda, kisha video huitia kwenye intaneti. Watazamaji hawazidi 20, na nusu yao ni binamu zake. Baba mtu, ambaye yu kazini Maskati, alipoziona alipiga simu akaamuru makopo yote yatupwe kabla ya shule kufunguliwa, eti kijana amerudi utotoni. Kijana amesusa kula. Mama anauliza: nimtii mume wangu ama nimtetee mwanangu?

Nianze na huyo bwana, maana hofu yake naielewa. Mtu aliyeivuka bahari kutafuta karo hafurahi kuona mwanawe akichezea makopo. Lakini bwana, hebu tazama tena. Reli ya zamani iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901 ina upana wa mita 1. Kijana akitandika yake kwa upana wa sentimita 5, basi amegawanya kwa 20, na kila kitu kingine sharti akigawanye hivyo hivyo: mlango, dirisha, gurudumu, hata urefu wa abiria. Magarimoshi makubwa kupita yote katika njia ile yalikuwa 34, yaliyoundwa na kampuni ya Beyer Peacock ya Manchester mnamo 1955 na 1956 na kupewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Kila moja lilikuwa na urefu wa karibu mita 32. Gawanya kwa 20, unapata mita 1.6. Hesabu hiyo hiyo darasani hufundishwa kwa machozi, naye anaifanya sakafuni kwa hiari yake. (Nawe mama, sasa wajua kwa nini chini ya kitanda hakutoshi.)

Wala si mchezo wa watoto pekee. Mjini Hamburg, Ujerumani, ndugu wawili pacha, Gerrit na Frederik Braun, walifungua mwaka 2001 jumba la magarimoshi madogo liitwalo Miniatur Wunderland. Reli zake zote zinapita kilomita 15. Watu wazima hulipa kiingilio, na video zake zimetazamwa mara mamilioni.

Sasa, mbona za kijana wetu zinaishia kwa binamu? Mama mwenyewe ameeleza bila kujua: garimoshi latoka mlangoni, laingia chini ya kitanda, kwisha. Nani atatazama hayo mara ya pili? Tazama za Hamburg uone. Jicho halikai sana kwenye treni. Linawafuata watu wadogo walio kando ya reli, mara gari la zima moto likikimbilia nyumba inayoungua, mara ndege ikishika njia ya kuruka. Garimoshi ni kisingizio tu cha kupita katika mji wenye mambo yake.

Na mji kijana anao. Malindi haikupata kufikiwa na reli, na hapo ndipo penye utamu. Amuulize mtazamaji: lau ingefika, ingepita wapi? Stesheni ingeezekwa makuti? Ingekuwa karibu na gati, samaki wapakiwe wangali wabichi, ama upande wa bara ambako nazi na korosho hutoka? Ikifika penye Msikiti wa Jumaa na makaburi yake ya nguzo, haina ruhusa kupita kati, lazima ipinde. Kila video iwe na swali moja la namna hiyo, na jibu lake lijengwe mbele ya macho yetu. Watu hupenda kuona kopo likigeuka behewa kuliko kuona behewa lililokwisha kugeuka.

Kama kichwa cha treni kinamshinda, kuna jambo la Mombasa ambalo wengi wamelisahau. Mwanzoni mwa karne ya 20 kisiwa kile kilikuwa na toroli za abiria zilizopita juu ya reli nyembamba, kati ya Mji wa Kale na Kilindini. Hazikuwa na injini. Abiria alikaa kitini chini ya kivuli cha turubai, na wanaume wawili au zaidi wakaisukuma kwa nguvu zao. Haihitaji betri wala mota, na hadithi imo ndani yake tayari: nani amekaa na nani anasukuma? Mimi ningeanza na hiyo.

Kuhusu upigaji picha, yako machache ya kumwambia. Simu ailaze ubavu na aiweke chini kabisa, usawa wa macho ya mtu wa kimo cha kidole, kwani ukipiga kutoka juu hata garimoshi zuri huonekana kopo. Apige asubuhi au alasiri karibu na dirisha, nuru ikitoka ubavuni. Jua la saa sita la Malindi hufuta kila kitu. Upepo wa kusi huvuma ndani ya kipaza sauti cha simu, basi afunge mlango. Na mwendo apunguze. Treni ya zamani ikienda kilomita 40 kwa saa, yake ya sentimita 5 yapasa kwenda kama sentimita 55 kwa sekunde, si kuruka kama panya. Nyimbo za taarabu za watu asizitie bila idhini, kwa kuwa mitambo ya YouTube huzitambua na wenye nyimbo wanaweza kuizuia video au kuchukua mapato yake.

Hapa mama nakuomba uwe mkali. Uso wa mtoto, sare ya shule, jina lake kamili na mlango wa nyumba yenu visionekane. Mikono yake yatosha. Sheria ya Kenya ya kulinda data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi kabla ya habari za mtoto kutumiwa, lakini aliyeko Shella ni wewe, si sheria. Maoni ya watazamaji usome wewe kwanza.

Pesa? Asidanganywe. Ili YouTube ikugawie fedha za matangazo sharti uwe na wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa katika miezi 12. Kwa video ya dakika 4 hiyo ni kutazamwa mara 60,000 mwanzo hadi mwisho. (Kwa video fupi fupi kipimo ni kingine, nacho si chepesi.) Na hata akifika huko, malipo hupitia kwa mtu mzima. Afanye kwa kupenda, Ijumaa jioni na Jumamosi, baada ya kazi za shule. Siku za mtihani simu ikae kwako.

Ama lile swali lako la kutii au kutetea, sioni kwa nini uchague moja. Usitupe, na usimfiche baba yake. Mpigie Maskati umwambie kijana anatafuta sauti ya kusimulia video ya toroli, sauti ya mtu mzima wa pwani, na kwamba dakika 2 zilizorekodiwa kwa simu zinatosha. Maneno aandike kijana, baba asahihishe Kiswahili. Akikataa, niandikie tena.