Bure dhidi ya bure: kwa nini nahimiza Linux huku Endarasha

Leo naomba tuzungumzie swali ambalo watu wananiuliza karibu kila wiki, ama sokoni au ndani ya matatu ya Mweiga: "Kijana wa kompyuta, laptopu yangu inaniambia Windows 10 imekwisha. Sasa nifanyeje?" Jibu langu ni fupi: weka Linux. Lakini jibu fupi halimtoshi mtu aliyeuza magunia ya viazi ili anunue mashine, kwa hiyo leo nitalieleza kwa kirefu. Upande wa gemu pia nitaufikia, maana najua vijana wataanza na hilo.

Kwanza tuiweke kando hoja moja mbovu. Watu wa programu huria hupenda kusema, "Hamia Linux, ni ya bure." Ulaya na Marekani, ambako leseni inalipiwa, hoja hiyo ina uzito. Hapa kwetu haina. Hapa Windows pia ni "bure". Fundi anakuwekea kwa shilingi mia tano, na hizo ni za jasho lake, si za Microsoft. Juu yake anakuongezea Office na antivirasi, zote zimevunjwa kufuli. (Kuna mashine zinazokuja na leseni halali. Kama yako ni mojawapo, hongera.) Ukimwambia mtu wa Endarasha kwamba Linux haina malipo, atakushangaa: kwani hii yangu niliilipia lini?

Kwa hiyo tuseme ukweli. Huku Linux haishindani na bei ya Microsoft. Inashindana na kopi ya wizi. Anayetaka kumshawishi jirani yake ni lazima aonyeshe kwa nini bure hii inaishinda bure ile. Mimi naona sababu tatu.

Sababu ya kwanza ni umri wa mashine zetu. Windows 10 ilitoka Julai 2015, na Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa mtu wa kawaida anayejiandikisha, kampuni ilitangaza nyongeza ya mwaka mmoja ya marekebisho ya usalama. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa iliyo kwenye orodha yake. Kwa Intel Core, orodha hiyo kwa jumla inaanzia kizazi cha nane.

Sasa ingia madukani Nyeri mjini uone kinachouzwa. Ni laptopu zilizotumika maofisini ng'ambo, hizi tunazoziita ex-UK, na nyingi ni HP EliteBook 840. G3 ina prosesa ya kizazi cha sita: iko nje. G4 ni kizazi cha saba: iko nje. G5 ni kizazi cha nane: iko ndani. Mama mmoja jirani yangu aliuza ndama akamnunulia binti yake G4 ya kuendea chuo. Haikupita muda, muuzaji mmoja (duka silitaji) akamwambia mashine hiyo "imekufa", airudishe na aongeze elfu kumi na tano apewe nyingine. Kufa vipi? Ilikuwa na RAM ya GB 8, SSD nzima na betri ya saa tatu. Tuliiweka Linux Mint jioni moja, na binti anaandikia kazi zake humo mpaka leo. Kilichokwisha hakikuwa mashine, kilikuwa ruhusa.

Mimi mwenyewe naandika programu kwa G3. Nakusanya kodi, nafungua vichupo ishirini vya kivinjari, nafanya mikutano ya video na wateja, na mashine haijalalamika.

Fundi atakuambia kwamba anaweza kukuwekea Windows 11 kwa kuruka ule ukaguzi. Ni kweli, inawezekana. Lakini Microsoft yenyewe imesema wazi kwamba mashine kama hizo hazina uhakika wa kuendelea kupata marekebisho. Umejenga kwenye shamba la mtu, na siku akija na mpimaji huna la kusema. Linganisha na Linux Mint 22, iliyotoka Julai 2024 na itahudumiwa hadi 2029, au Ubuntu 24.04 ya Aprili 2024, yenye miaka mitano ya huduma ya kawaida. Hakuna anayekuuliza prosesa yako ni ya kizazi gani ndipo akupe marekebisho.

Sababu ya pili ni kwamba kopi ya Linux ni halali kuigawa. Jambo hili watu wa mjini hawalioni uzito wake. Faili ya Linux Mint ni karibu GB 3. Kwa bando, hizo ni pesa. Lakini ukishaipakua mara moja, labda siku umeshuka mjini penye Wi-Fi, unaweza kuiweka kwenye flashi na kuipitisha shule nzima, kanisa zima, Endarasha nzima, na hujamwibia mtu yeyote. Leseni ya programu huria inakuruhusu kunakili, kugawa, hata kubadilisha. Ubuntu ilipoanza mwaka 2004, ikiongozwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, waliofahamu shida ya intaneti walitumiwa CD kwa posta bila malipo. Utaratibu huo ulifungwa mwaka 2011. Siku hizi posta yetu ni flashi.

Na ruhusa ya kubadilisha si maneno matupu. Desemba 2004 mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, yaani programu za ofisi kwa Kiswahili. Hakuna aliyehitaji kungoja kampuni ya ng'ambo iamue kama Kiswahili kina soko. Walichukua kilicho wazi, wakakitafsiri.

Sababu ya tatu ni usalama. Hebu fikiria inavyofanyika kuvunja kufuli ya programu. Unapakua kitu kutoka kwa mtu usiyemjua, na maelezo yake ya kwanza yanasema: "Zima antivirasi." Umemfukuza mlinzi mwenyewe, kisha ukamkabidhi mgeni ufunguo wa nyumba. Halafu ndani ya nyumba hiyo hiyo unafungua eCitizen, iTax na akaunti ya benki. Na wote tunawajua wale virusi wa flashi wanaogeuza mafaili yako yote kuwa njia za mkato baada ya kuchapisha karatasi moja pale saiba. Virusi hao wameandikiwa Windows. Ukichomeka flashi hiyo kwenye Linux, unawaona wamelala kama mafaili mengine, unawafuta, unaendelea na kazi. Sisemi Linux haiwezi kuvamiwa. Inaweza. Lakini programu unazipata kutoka hazina moja inayojulikana, na marekebisho yanakuja bila kufuli la kuvunja.

Haya, tuje kwa gemu.

Zamani ungeniuliza habari ya gemu kwenye Linux ningekuonyesha gemu za kadi. Mambo yamebadilika. Mradi wa Wine, unaowezesha programu za Windows kuendeshwa kwenye Linux, ulianza mwaka 1993. Agosti 2018 kampuni ya Valve, wenye duka la Steam, ilitoa Proton, iliyojengwa juu ya Wine. Kazi yake ni ukalimani: gemu inazungumza lugha ya Windows na DirectX, Proton inaitafsiri papo hapo kuwa lugha ambayo Linux na kadi yako ya picha zinaielewa. Februari 2022 Valve ikaanza kuuza Steam Deck, kifaa cha kuchezea cha mkononi ambacho ndani yake ni Linux. Tangu hapo Valve ina faida ya kibiashara katika kuhakikisha gemu zinafanya kazi. Oktoba 2025, katika hesabu ya Steam yenyewe, watumiaji wa Linux walivuka asilimia 3. Ni wachache bado, lakini si watu wa kupuuzwa tena.

Kwa mashine zetu zenye picha za Intel za kawaida, usitarajie miujiza. Hiyo ni shida ya chuma, haihusu mfumo. Kwenye G3 yangu Counter-Strike ya zamani inaenda vizuri, GTA San Andreas kutoka diski yangu inaenda kupitia Wine, SuperTuxKart ni ya bure na watoto wanaipenda. Stardew Valley nayo inaenda bila shida, ingawa sijui kwa nini mtu akitoka kupalilia viazi kutwa aje akae chini kulima kwenye kompyuta. Mimi nalima.

Sasa zisizoenda, na hapa sitaki mtu aje kunilaumu. EA Sports FC za sasa haziendi. Valorant haiendi. Fortnite haiendi. GTA Online ilikuwa inaenda mpaka Septemba 2024, Apex Legends ilikuwa inaenda mpaka mwishoni mwa Oktoba 2024, kisha wenyewe wakafunga mlango. Sababu si kwamba Linux haiwezi kuzichora. Gemu hizi hutumia programu za kuzuia udanganyifu, na nyingine zinataka kuingia mpaka kiini cha mfumo ili zikague kila kitu. Kampuni zimeamua kutoziruhusu kwenye Linux. Kwa hiyo kama maisha yako ni FC na marafiki mtandaoni, baki na Windows, au gawa diski uweke mifumo yote miwili. Ila ujue pia kwamba FC ya leo haitacheza vizuri kwenye G3 hata ukiwekewa Windows gani. Wanaoicheza huku kwetu wanaichezea kwenye PlayStation pale senta.

Kwa kazi za kila siku, nyingi siku hizi ziko kwenye kivinjari: eCitizen, HELB, KUCCPS, barua pepe. Hizo hazijali una mfumo gani. LibreOffice inafungua mafaili ya Word, ingawa mpangilio ukiwa na majedwali mengi huweza kusogea. Ukienda kuchapisha saiba, hifadhi kwanza kama PDF. Fomu za Excel zenye makro, kama zile za iTax, zinaweza kukusumbua. Anayetegemea Photoshop au programu ya hesabu ya Windows pekee asihame kabla ya kupata mbadala.

Mmeona basi kwamba vizuizi hivi si vikubwa kwa mtu wa kawaida. Kwa nini basi watu hawahami? Kwa maoni yangu, kizuizi kikuu ni fundi. Mashine ikikwama, mtu wa Endarasha hasomi maelezo mtandaoni. Anapanda matatu hadi kwa fundi wake. Fundi akiona Linux anasema, "Hii ni nini? Wacha nikuwekee Windows." Na hapo safari imeisha. Hatumwamini Microsoft wala Torvalds. Tunamwamini fundi.

Kwa hiyo ombi langu la leo ni kwenu, mafundi wa Nyeri, Karatina, Nanyuki na Mweiga. Mnalipwa kwa kazi, hamlipwi kwa leseni. Mia tano ya kuweka Windows ni ile ile mia tano ya kuweka Mint, tofauti ni kwamba mteja hatarudi baada ya miezi mitatu akilia virusi. Najua mtauliza, kama harudi nitakula nini? Mtakula kwa yule aliyeambiwa mashine yake imekufa. Wako wengi, na mashine zao ni nzima.

Na wewe mwenye laptopu, usikurupuke. Andaa flashi ya GB 8, iwekee Mint, kisha washa mashine kutoka kwa hiyo flashi bila kugusa diski yako. Jaribu Wi-Fi, sauti, kamera, na printa kama unayo. Ukiridhika, nakili mafaili yako yote mahali pengine, ndipo usakinishe. Na kabla ya yote, tafuta mtu mmoja karibu nawe anayeifahamu, utakayempigia simu ikigoma usiku. Huku kwetu Endarasha, namba yangu watu wanayo tayari.

Haya, tukutane wiki ijayo.