Ndege Isiyotoshea Shambani Kwetu

Juma lililopita nilikuwa nyumbani Nyamira, upande wa Keroka, na nikamkuta kaka yangu na mwanawe wa kidato cha nne hawasemezani. Chanzo ni ndege. Kijana anataka kusomea uhandisi wa ndege, naye babake anasema shamba lenyewe la chai halifiki ekari moja, hivyo hakuna kipande cha kuuzia karo ya vitu vinavyoruka.

"Kiwanja chetu cha ndege ni Suneka," kaka aliniambia. "Huko ataunda nini?"

Kijana akanionyesha daftari lake. Alikuwa amechora ndege yenye viwiliwili viwili vilivyounganishwa na bawa moja. Nilidhani amekosea. Kumbe hakukosea, baba mdogo ndiye aliyekuwa mjinga.

Ndege hiyo huitwa Roc, jina la yule ndege wa hadithi za Sindbad aliyekuwa akinyakua tembo. Iliruka mara ya kwanza tarehe 13 Aprili 2019 huko Mojave, California. Paul Allen, mmoja wa waanzilishi wa Microsoft, ndiye aliyegharamia kuundwa kwake, lakini hakuiona ikiruka, kwani alifariki Oktoba 2018. Ina injini sita za aina iliyotumiwa na Boeing 747, magurudumu 28, na bawa la mita 117 kutoka ncha hadi ncha.

"Mita 117 ni kama wapi?" kaka akauliza. Ndilo neno la kwanza alilomwambia mwanawe siku hiyo.

Kijana akasimama mlangoni pa jikoni akaanza kuhesabu hatua ndefu kukata shamba. Akapita migomba, akaingia kwenye chai, na alipofika 31 akagonga ua wa jirani. Wajuao Gusii wanajua mashamba yetu yalivyo, membamba, yakishuka kutoka barabarani hadi mtoni, na kila kizazi huyagawa tena. Bawa hilo lingepita kwa majirani kadhaa.

"Kwa nini kubwa hivyo?"

"Ni mama, baba. Inabeba mtoto."

Mtoto ni chombo kiitwacho Talon-A, kisicho na rubani, chenye injini ya roketi. Huku chini hewa ni nzito na roketi humaliza mafuta upesi ikipambana nayo. Basi mama hukipandisha hadi mita 10,000 hivi, akikibeba katikati ya viwiliwili vyake, kisha hukiachia na roketi ikawaka. Desemba 2024 na tena Machi 2025 kilipita mara tano ya mwendo wa sauti, kisha kikatua salama kambini Vandenberg, California. Huo ni mwendo wa zaidi ya kilomita 5,000 kwa saa. Kisii hadi Mombasa, safari ambayo sisi hulala ndani ya basi, ingekuwa dakika nane hivi.

Wazo lenyewe si geni. Kati ya 1959 na 1968 Wamarekani waliirusha X-15 mara 199, ikiangushwa kutoka chini ya bawa la B-52. Kwa mwendo huo hewa huchoma ngozi ya chombo, na chombo kinachorudi kizima huwaonyesha wahandisi ni wapi palipoungua.

Kaka akanikazia macho. "Ni kazi ya vita?"

Sikumficha. Wanaolipia majaribio hayo ni pamoja na Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Lakini nikamkumbusha kwamba setilaiti iliyoitwa Uhuru ilirushwa na roketi kutoka jukwaa la Waitaliano baharini karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970, na kazi yake ilikuwa kuchunguza nyota. Nayo Taifa-1, setilaiti ya Kenya, ilirushwa Aprili 2023 kutoka Vandenberg hiyo hiyo. Kuhusu masomo, uhandisi wa ndege hufundishwa papa hapa Nairobi, katika Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya. Si lazima mtu auze chai aende Ulaya.

Kaka alinyamaza muda mrefu. Shemeji akaleta chai, tukanywa. Ndipo akamgeukia mwanawe.

"Hisabati, muhula uliopita, ulipata ngapi?"

Kijana akanitazama mimi.