Kushika saa si kazi ya mwaka wa kwanza peke yao

Nimekuwa kimya, mnajua mambo ya testi. Leo nimerudi na hasira kidogo, na hasira yenyewe ni ya klabu yetu ya kuzungumza hadharani, ile ya Jumatano jioni. Najua viongozi wake wanapita hapa. Ndo maana nayamwaga hapa hapa.

Nasema hivi: majukumu pale yanagawiwa kwa kujuana, matokeo yake klabu inawafundisha kuongea watu ambao tayari wanajua kuongea.

Kwa asiyewahi kufika, kikao huwa hivi. Yupo emsii anayeendesha. Wapo watoa hotuba wawili watatu, kila mmoja dakika tano hadi saba. Yupo mshika saa na kadi zake: kijani dakika ya tano, njano ya sita, nyekundu ya saba. Yupo wa kuhesabu "eee" na "aaa", yupo wa kuangalia lugha, na yupo wa maswali ya papo kwa papo, pale unapoinuliwa bila kujiandaa uongee dakika moja au mbili. Halafu watathmini, kila hotuba na wake, na mtathmini mkuu wa kikao kizima. Mpangilio huu tumeuchukua kwa Toastmasters. Ralph Smedley alipoanzisha klabu yake kwenye jengo la YMCA pale Santa Ana, California, Oktoba 1924, alitaka watu wajifunze mambo mawili: kuongea mbele za watu na kuendesha vikao. Hilo la pili sisi tumelifanya mali ya wachache.

Orodha inarushwa kwenye grupu la WhatsApp Jumapili usiku. Ukichelewa dakika kumi tu, emsii keshapatikana, hotuba zimejaa, mtathmini mkuu ni kaka yule yule wa mwaka wa tatu. Kilichobaki ni saa. Na saa anaangukiwa nani? Mdogo wetu wa mwaka wa kwanza ambaye Jumapili usiku hana bando. Nimepekua daftari la vikao la muhula huu jamani: maemsii ni watu watatu, wanapokezana kijiti. Yupo dada wa hosteli yetu kashika saa mara tano, hotuba hata moja hajatoa. Juzi kaniambia haji tena. Anasoma ualimu huyu! Likizo ndefu anaenda fildi, anakwenda kusimama mbele ya darasa la watoto wa watu, na sisi tuliokuwa na muhula mzima wa kumsaidia tumemkalisha pembeni na kadi tatu za manila.

Nikisema haya naambiwa, "Tukimweka mgeni kuendesha, kikao kitapoa." Sawa, kipoe. Emsii wa harusi unamlipa kwa sababu harusi hairudiwi. Sisi Jumatano tunayo kila wiki. Kama mtu hawezi kuharibu mbele yetu, tuliokaa na chapati mkononi, akaharibu wapi, kwenye usaili wa kazi?

Wengine wanajitetea kwamba hata majukumu madogo ni mafunzo. Kwenye makaratasi ni kweli kabisa. Mshika saa anatakiwa asimame, aeleze kadi zake, na mwisho atoe ripoti. Kwetu emsii anasema tu "saa yupo pale", anasonga mbele, na ripoti inarukwa kwa kuwa muda umekwisha. Umeliwa na nini? Na vichekesho vya emsii. Na nani wa mwaka wa kwanza atamwinulia mkubwa kadi nyekundu? Hata huyo wa kuhesabu "eee" anawahesabia wadogo tu. "Yaani" na "unanielewa" za wakubwa zinapita bure, na zingehesabiwa daftari lingejaa.

Ninachotaka si kigumu. Majina yote yaandikwe kwenye karatasi ukutani, zamu ishuke kwa mstari, siyo kwa wenye vidole vyepesi. Ukishika saa wiki hii, ndani ya wiki mbili unatoa hotuba. Hakuna kuwa emsii mara ya pili kabla wote hawajaonja, na emsii mpya akae na mzoefu jirani, amnong'oneze akikwama. Wale watatu hawataumia, watapumzika tu, na wakishika saa watagundua dakika saba ni nyingi kiasi gani.

Jumatano nitaileta hoja hii kwenye mengineyo. Kadi za siku hiyo nimeshaomba nishike mimi, na atakayevuka muda naipandisha nyekundu, awe nani. Haya, nawahi pindi.