Kipupwe Kimeingia, Maua Yenu Yako Wapi?

Mablanketi yameshatoka kabatini. Wenzetu wa Njombe, ambako usiku wa Julai umande huweza kuganda juu ya majani, watatucheka. Lakini kwa sisi wa Dar, nyuzi joto 19 za alfajiri zinatosha kumfanya mtu aizunguke ndoo ya maji ya kuoga kwanza kabla hajajimwagia. Ndicho kipupwe hicho, Juni mpaka Agosti, na safari hii nataka tutoke nje kidogo tukaangalie bustani.

Najua wengi wenu mnawaza kwamba masika yakishakatika, bustani ndiyo imelala mpaka vuli. Wapi! Masika ni msimu wa majani. Maua mengi tunayoyapenda yanangoja hiki kibaridi na ukavu wake ndiyo yajitokeze. Ukiona ukuta wa jirani umewaka zambarau na wa kwako ni kijani tupu, usidhani jirani ana dawa. Kuna mambo mawili matatu anayoyafanya, au tuseme, asiyoyafanya.

Bogenvilia haitaki kudekezwa

Bogenvilia, ambayo wengine tunaiita ua la karatasi, asili yake ni Amerika ya Kusini. Ile rangi inayokuvutia wala siyo ua. Ni majani yaliyogeuka rangi, na ua lenyewe ni kile kijibomba cheupe cha katikati. Sasa mmea huu una tabia yake: ukishiba, hauchanui. Uupe maji kila siku na mbolea ya Urea, utakurefushia matawi, utakupa miiba na majani mazuri ajabu, basi. Udongo ukikauka kidogo, na jua likiupiga walau kwa saa 6 kwa siku, hapo ndipo rangi inatoka.

Kuna wanandoa ninaowafahamu, wamejenga Tabata. Bogenvilia yao waliipanda pamoja wiki ile ile waliyohamia. Miaka miwili ikapita, ua hata moja hakuna. Bwana akaanza kusema ing'olewe tu, pale papatikane nafasi ya gari. Bibie alichosikia ni kitu kingine kabisa: kwamba mwenzake hajali walichoanza pamoja. Wakanuniana karibu wiki nzima, kisa maua, jamani!

Mwishowe wakamwita mzee mmoja anayetunza bustani za pale mtaani. Mzee akachomeka kidole kwenye udongo, akauliza, "Nani anamwagilia hapa?"

"Mimi, mzee, asubuhi kabla sijatoka," akajibu bwana.

Bibie akamgeukia. "Wewe? Mbona mimi namwagilia kila jioni nikirudi kazini?"

Dada wa kazi, aliyekuwa anaanika nguo, naye akasema taratibu, "Na mimi huwa namwagilia mchana, dada, nikiona jua kali."

Mzee alicheka mpaka akakaa chini. "Wanangu, huu mmeushibisha. Aliyeshiba hivi atahangaika kuchanua kwa lipi?"

Mnaona mambo hayo? Bwana aliyesema ing'olewe ndiye aliyekuwa anaamka kuimwagilia. Watu watatu wanajali kitu kimoja, na hakuna aliyemwambia mwenzake. Siku hiyo wakagawana: maji ni kazi ya bwana, na anatoa tu udongo ukikauka, kupogoa ni kazi ya bibie. Kabla Agosti haijaisha, maua yalikuwa yananing'inia nje ya ukuta. Gari limepatiwa nafasi upande wa pili, na bili ya maji imepungua.

Taa ya ukutani nayo ina kesi

Ua la pili la kipupwe ni poinsetia, lile lenye majani mekundu kama lipstiki kuzunguka vijiua vidogo vya njano. Asili yake ni Meksiko, na jina la kizungu limetokana na Joel Roberts Poinsett, balozi wa Marekani nchini humo miaka ya 1820. Wazungu wanaliita ua la Krismasi, wengine wetu wakaenda kununua Desemba wakidhani ndiyo msimu wake na hapa.

Poinsetia inahesabu giza. Usiku ukirefuka, inapata taarifa kwamba wakati umefika. Ulaya na Marekani usiku mrefu ni wa Desemba. Sisi tuko kusini ya ikweta, kwa hiyo usiku wetu mrefu ni wa Juni. Kwa hapa Dar unauzidi ule wa Desemba kwa karibu dakika 50. Kwetu basi zamu yake ni kipupwe. Tatizo ni ile taa ya ulinzi inayowaka usiku kucha. Ukiipanda chini yake, giza haliijui, na itabaki kijani mwaka mzima. Ihamishie upande wenye giza.

Kwa mliopanga

Msiseme "sisi tumepanga, bustani ya nini?" Chukueni ndoo zilizopasuka, zitobolewe chini maji yapite. Pandeni waridi la jangwani, lile la shina nene na maua ya pinki. Hilo ni la kwetu kabisa, linaota lenyewe porini Afrika Mashariki, na linapenda jua na ukavu. Ila utomvu wake ni sumu, kwa hiyo wenye watoto wanaotambaa waliweke juu. Mkihama, mnahama nalo.

Wasio na subira wanunue mbegu za zinia. Ukisia mwisho wa Mei, mvua zikipungua, baada ya miezi miwili hivi unachuma ya kuweka mezani. Na kadiri unavyochuma ndivyo inavyozidi kutoa.

Jumamosi hii basi, kabla hamjawasha televisheni, tokeni nje na vikombe vyenu vya chai. Ulizaneni nani anamwagilia nini, na lini. Inawezekana mwenzako, unayedhani hajali, anaamka saa kumi na moja alfajiri kushika mpira wa maji. Asipokwambia, utajuaje?

Tukutane mwezi ujao.